Igizo dhima limegoma darasani? Tafuta kosa liko wapi kabla hujawalaumu wanafunzi

Ticha mwenzangu, kama umeshawahi kugawa kadi za igizo dhima (zoezi la wawili wawili, kadi A na B, kila kadi inamwambia mtu yeye ni nani na yuko kwenye hali gani, alafu wanaongea), ukasema "haya anzeni", alafu darasa zima likatulia kama maji mtungini, haya maelezo ni yako. Mimi nafundisha Kiswahili kwa watu wanaojifunza kama lugha ya kigeni, kwa hiyo mifano mingi hapa itakuwa ya Kiswahili, ila nimeongea na wenzangu wanaofundisha Kifaransa, Kiarabu na Kiingereza na wote wanalia na mambo yale yale.

Kitu kimoja ambacho kilinichukua miaka kukielewa: mara nyingi kosa liko kwenye kadi tulizoandika au namna tulivyoanzisha zoezi, mwanafunzi hana hatia. Zamani nilikuwa nasema "hili darasa ni la watu wapole" na kuhamia kwenye sarufi, na leo inaniuma kwa sababu wale watu walikuwa wanataka kuongea sana, ila nilikuwa nimewapa kadi ambazo hata mimi mwenyewe ningekosa la kusema.

Kwa hiyo anza na kipimo. Likikwama, simamisha zoezi, waambie wafanye igizo lile lile dakika moja tu kwa lugha yao. Ndio, kwa lugha yao. Wakitiririka vizuri ujue hali wameielewa, wanachokosa ni lugha, au wanayo ila wanaogopa. Wakikwama hata kwa lugha yao basi kadi yako ndo mbovu, haina kitu cha kuongelea. Na kama darasa lina watu wa lugha tofauti tofauti, muulize tu mmoja mmoja "ungekuwa wewe hapo ungetaka nini?", asipokuwa na jibu umeshapata ugonjwa wako. Dakika moja hii imeniokoa mara nyingi kuliko semina yoyote niliyokaa.

Kimya tangu mwanzo

Kimya kina sura nyingi, angalia macho na mikono yao. Mwenye kuanza sentensi akaikatia njiani, au anayekimbilia kamusi kwenye simu, huyo hana maneno. Anayeisoma kadi mara ya tatu na ya nne hajaelewa yeye ni nani kwenye hilo igizo. Anayekuangalia wewe badala ya mwenzake, huyo anaogopa.

Wa kwanza, kabla ya igizo weka ubaoni maneno kama 8 au 10 pamoja na misemo mitano hivi ya kujiokoa, na hii misemo ndo muhimu kuliko hata msamiati wenyewe: "samahani sijakupata", "rudia taratibu kidogo", "ile nanihii... inaitwaje vile?", "ngoja nifikirie". Mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili anatumia "nanihii" kila siku na hakuna anayemwona hajui lugha, sasa kwa nini mwanafunzi tumnyime? Igizo likianza acha maneno yakae ubaoni, wakirudia mara ya pili futa nusu, mara ya tatu futa yote.

Wa pili mpe muda. Pauline Foster na Peter Skehan walichapisha mwaka 1996 utafiti ambao wanafunzi walipewa dakika 10 za kujipanga kabla ya kuongea, na waliojipanga waliongea kwa mtiririko mzuri zaidi na sentensi zao zilikuwa na uzito zaidi kuliko walioanza hapo hapo. Mimi dakika 10 sina, natoa 3 mpaka 5, ila nafanya hivi: wote wenye kadi A wanakaa pamoja, wote wa B upande mwingine, wanajadili "sisi tunataka nini, tutaanzaje, wakikataa tutasemaje", alafu ndo wanakutana mmoja mmoja na wa upande wa pili. Ukifanya hivyo unaona kabisa mtu anaingia kwenye igizo na la kusema, hata kama ni kidogo. Waandike maneno tu kwenye karatasi wakati wa kujipanga, wasiandike sentensi, nitaeleza kwa nini hapo chini.

Wa tatu, anayeogopa, dawa yake ni kuondoa watazamaji. Jozi zote ziongee kwa wakati mmoja na wewe usisimame juu ya kichwa cha mtu na daftari mkononi, pita kwa mbali ukisikiliza. Mtaalamu wa lugha Stephen Krashen miaka ya 1980 alisisitiza sana hili la hofu kuwa kama chujio, lugha inagonga nje haiingii. Nadharia zake zimepingwa na wengi, ila hilo la hofu kila mwalimu amelishuhudia kwa macho yake.

Wanaanza vizuri, sekunde 30 wamemaliza

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hili ndo tatizo nililolikuta kwenye madarasa mengi kuliko yote. Angalia kadi hizi, ziko vile vile kwenye vitabu vingi vya kiada:

A: Wewe ni mgeni hotelini. Uliza kama kuna chumba.
B: Unafanya kazi mapokezi. Mjibu mgeni.

Sasa sikiliza kinachotokea. "Habari, kuna chumba?" "Ndiyo kipo." "Asante." "Karibu." Wamemaliza. Na wamefanya sawasawa kabisa, kila ulichowaomba wamekifanya, wewe ndo unawaambia "endeleeni kuongea" na wao wanaangaliana kwa sababu hakuna kilichobaki. Sasa jaribu hizi:

A: Umefika saa 5 usiku, umechoka. Uliweka nafasi ya siku 3 na uthibitisho unao kwenye barua pepe. Una mtoto mdogo amelala begani. Goti linakuuma, ngazi huwezi kupanda. Hutoki hapo bila chumba.

B: Uko mapokezi. Kimebaki chumba kimoja tu, ghorofa ya 4, na lifti imeharibika. Kwenye kompyuta jina la huyu mgeni linaonekana kuanzia kesho. Bosi amekataza kurudisha hela. Habari ya lifti usiiseme mpaka uulizwe.

Hawa wataongea dakika 6 au 7 bila wewe kuwasukuma. Tofauti sio urefu wa kadi. Kila mmoja anataka kitu, kila mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hajui, na hivyo vitu vinagongana. Toa kimoja kati ya hivyo vitatu igizo linapungua nguvu, toa viwili linakufa. Robert Di Pietro miaka ya 1980 alijenga mbinu nzima ya kufundisha lugha juu ya wazo la watu wawili kukutana kila mmoja na ajenda yake mfukoni, na ukiangalia maongezi yoyote ya kweli ndivyo yalivyo.

Ongeza na mwisho unaoonekana. Waambie igizo haliishi mpaka wakubaliane jambo moja na waliandike kwenye karatasi kwa sentensi moja: huyu mgeni analala wapi usiku wa leo? Bila hivyo watu hawajui wamemaliza lini, wanazubaa. Alafu kila jozi isome sentensi yake, utashangaa zilivyo tofauti, mmoja kalala kwenye kochi la mapokezi, mwingine kabebewa mtoto na mizigo mpaka ghorofa ya 4, mwingine kaandikiwa barua ya kulalamika, na hapo darasa linaanza kuongea lenyewe bila kadi.

Na kama kadi ni nzuri lakini bado wanamaliza haraka, chungulia wanachofanya, manake nimekuta mara nyingi wanaonyeshana kadi. Wakishaonyeshana siri imekwisha, hakuna wa kumuuliza mwenzake chochote. Waambie wasome, wakariri hali yao, warudishe kadi kwako. Inasaidia pia na tatizo linalofuata.

Wanasoma, hawaongei

Dalili yake: sauti moja bapa, macho chini, na B anajibu hata kabla A hajamaliza. Niliwahi kuwa na jozi moja, A akaruka mstari kwa bahati mbaya, akauliza bei badala ya kuuliza saa, na B akajibu "saa nne asubuhi" kwa ujasiri kabisa, hakuna kati yao aliyeshtuka. Pale ndo nilielewa kwamba kwa muda wote ule hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwenzake.

Chanzo ni sisi, tuliwaambia "andikeni mazungumzo kwanza". Kuandika mazungumzo ni zoezi zuri la kuandika, ila ukishayaandika maongezi yameisha, kinachobaki ni kusoma kwa sauti. Ndo maana nikasema maneno tu, sio sentensi. Kama darasa limeshazoea karatasi usiwanyang'anye ghafla, waruhusu wasome mara ya kwanza, mara ya pili karatasi ziko chini ya meza, mara ya tatu wamebadilishana wenza na mwenza mpya hajui kilichoandikwa. Hapo mtu analazimika kusikiliza.

Wanarudi kwenye lugha mama

Usikimbilie kuwatoza faini wala kuwaadhibu, angalia kwanza wanarudi saa ngapi. Kama ni mwanzoni kabisa na wanasema vitu vya "nani anaanza, wewe ni nani", basi maelekezo yako hayakueleweka, na pia hukuwafundisha lugha ya kupangia kazi. Wafundishe "nani aanze?", "zamu yako", "tubadilishane", ni misemo midogo lakini ndo lugha ya kweli yenye matumizi ya kweli ndani ya darasa. Kama ni katikati, pale mambo yanapopamba moto, mtu amekasirika ndani ya igizo na anataka kubisha, hiyo ni dalili nzuri jamani, ameingia kabisa, anakosa tu maneno ya kubishia. Andika alichosema kwa lugha yake, mpe tafsiri baadae, mwambie arudie ule ugomvi. Kama ni mwishoni basi wamemaliza na wanapiga stori, wape jozi nyingine.

Mmoja anaongea, mwingine anasema "ndiyo" tu

Geuza kadi. Siri zote mpe mpole, na muongeaji mpe kadi ya kutafuta: hawezi kumaliza bila kuchimba, na akichimba mpole lazima ajibu. Jaribu pia kuwakutanisha wapole wawili. Tunaogopa watakaa kimya, ila mara nyingi wakiwa wawili bila mtu wa kuwafunika wanaongea polepole na kwa raha yao. Idadi ikiwa witiri mtu wa tatu asikae bure wala asiunganishwe na wewe, awe msikilizaji mwenye kazi: ahesabu maswali yaliyoulizwa, au aandike msemo mmoja mzuri aliousikia kwa kila mmoja.

Watu wazima wanaona ni mambo ya kitoto

Wana haki. Mtu ana miaka 50, ana kazi na familia, unamwambia ajifanye askari wa trafiki. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mama mtu mzima, kila igizo anakaa mikono imekunjwa, nikadhani hanipendi. Siku moja nikamuuliza wiki hii kuna maongezi gani yanakusubiri huko nje kwa lugha hii? Akasema anatakiwa kumpigia simu mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja na ameahirisha siku tisa. Tukaigiza hiyo simu. Yeye akiwa yeye mwenyewe, mimi mwenye nyumba, tumegeuziana migongo ili tusionane kama kwenye simu kweli. Mara ya kwanza alisema "bomba mbaya" akakwama. Mara ya tatu alisema "maji yanavuja jikoni, naomba uje leo au ulete fundi", na alikuwa amesimama. Alipiga ile simu jioni yake.

Tangu hapo kila mwezi nakusanya hayo maongezi yanayowasubiri watu, nawaomba waandike kwenye kipande cha karatasi bila jina, na nusu ya kadi zangu siku hizi zinatoka hapo. Hawahitaji kujifanya mtu mwingine.

Ila kuwa makini na hali zinazogusa vidonda: msiba, talaka, polisi, ugonjwa mkubwa. Hujui mwanafunzi amepitia nini. Weka kila mara kadi ya pili pembeni na useme wazi mbele ya wote kwamba mtu anaweza kubadilisha bila kutoa sababu.

Makosa yale yale kila siku

Mwanafunzi anasema "kitabu yangu kimepotea". Wewe kwa upole, "ahaa, kitabu chako kimepotea?" Naye anajibu "ndiyo, kitabu yangu". Hajasikia kabisa kama umemsahihisha, amesikia umeuliza swali. Roy Lyster na Leila Ranta mwaka 1997 waliangalia madarasa ya Kanada ambako watoto wanasomeshwa masomo kwa Kifaransa, wakakuta zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu ni ya namna hii ya kurudia kwa usahihi, na ndo namna iliyomfanya mwanafunzi ashtuke na kujibu mara chache kuliko nyingine zote. Zilizofanya kazi vizuri zaidi ni zile zinazomrudishia mwanafunzi mpira, mfano "kitabu...?" unaacha wazi, amalizie mwenyewe.

Lakini hilo ni kwa mazoezi ya kawaida, katikati ya igizo mimi nashauri usikatize kabisa labda hawaelewani kabisa, na hata hapo ingia kama mhusika, "samahani mteja, kitabu cha nani?" Mengine andika. Wakimaliza weka ubaoni sentensi sita ulizosikia, tatu nzuri tatu zenye kosa, bila majina, zichanganye, jozi zijadili zipi ni zipi. Alafu, na hapa ndo wengi tunaishia njiani, wafanye igizo tena. Sahihisho lisilofuatwa na nafasi ya pili halina pa kwenda, linabaki ubaoni linafutwa na kipindi kinachofuata.

Wanaongea sana ila lugha haikui

Hili halionekani haraka kwa sababu darasa limechangamka. Sikiliza vizuri utagundua ni maneno yale yale 200, sentensi fupi fupi, na mikono inafanya kazi kubwa. Merrill Swain aliligusa mwaka 1985 alipowaangalia watoto wa Kanada waliosoma kwa Kifaransa miaka mingi, kusikia wanaelewa vizuri sana lakini kwenye kuongea na kuandika sarufi bado ina mapengo, akasema hawakusukumwa vya kutosha watoe lugha iliyo sahihi na kamili.

Kusukuma kwenyewe nafanya kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya dakika 4, 3, 2 ambayo Paul Nation ameieleza sana: unaeleza jambo lile lile kwa watu watatu tofauti, na muda unapungua kila mara. Asili yake ni mtu mmoja kueleza, ila hata igizo linakubali, jozi mpya kila raundi, kadi ile ile, na raundi ya tatu utasikia mwenyewe jinsi zile "eee... eee..." zinavyopungua.

Ya pili, badilisha anayeongea naye. Ombi ni lile lile, mfano kukopa gari, raundi ya kwanza unamwomba rafiki, ya pili bosi, ya tatu baba mkwe. Kwa Kiswahili hii ni dawa kali, manake "nipe gari" itabidi iwe "naomba uniazime", na kwa mkwe huwezi hata kuanza bila shikamoo, kujuliana hali, na kuzunguka kidogo kabla ya shida yenyewe. Mtaalamu wa lugha na jamii Dell Hymes alilisema hili tangu miaka ya 1960 na 70, kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua nani anaambiwa nini, saa ngapi na kwa namna gani. Mwanafunzi akisema sarufi safi kwa mkwe bila salamu amekosea, na hilo kosa huwezi kulionyesha kwenye zoezi la kujaza nafasi.

Kelele, darasa kubwa

Watu 60, madawati hayahami. Safu ya kwanza igeuke nyuma iangaliane na ya pili, ya tatu igeuke kwa ya nne, kwisha. Kelele zitakuwepo, hiyo ni kelele ya kazi, ila kubaliana nao ishara ya kusimama kabla hawajaanza, mfano ukinyanyua mkono kila anayeona ananyanyua wake. Sauti yako haitashinda sauti 60, usijaribu. Kwa kadi, huna haja ya karatasi 60, andika A ubaoni, wa B wafumbe macho au wageuke, alafu futa andika B.

Jozi moja mbele, wengine wamelala

Mnajua ile ya mwisho wa kipindi, "sasa jozi moja ije mbele ituonyeshe". Wawili wanatetemeka, 38 wanachati. Mimi kwa kawaida naliruka kabisa, muda huo nautumia kwa raundi nyingine. Ila kama lazima, kwa mfano ni mtihani au wenyewe wameomba, basi wape wanaotazama kazi inayowahitaji. Wasimamishe igizo pale tatizo linapofika kileleni, mgeni anasema "sitoki hapa", na waulize walioketi: mapokezi ajibu nini? Anayetaka aje achukue nafasi ajaribu sentensi yake, arudi akae, aje mwingine. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo watu saba walipita pale mapokezi ndani ya dakika kumi, na wa sita alikuwa yule anayeogopa kuliko wote. Alisema "basi mgeni, chukua chumba, mtoto nitambeba mimi." Akarudi kukaa. Mgeni akabaki amesimama, hana cha kubisha.